Safari za Wanafunzi Zisiishie Ngomeni

Mwanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya bara akitajiwa safari ya Pwani, aghalabu humjia mambo mawili akilini: Ngome ya Yesu na bahari. Ndiyo desturi iliyorithishwa kutoka kundi moja la wanafunzi hadi jingine. Basi huondoka chuoni usiku na kuingia Mombasa alfajiri. Wasafiri hunawa nyuso, hunywa chai kwa mahamri na mbaazi, kisha hupanga foleni mlangoni mwa ngome. Ndani humsikiliza mwelekezi kwa muda wa saa moja, hupigwa picha kando ya mizinga, na mchana huwakuta ufuoni wakiogelea. Ripoti ya safari huandikwa wiki ya pili yake, na mtu aliyesoma ripoti ya mwaka juzi hahitaji kuisoma ya mwaka huu.

Makala haya hayakusudii kuibeza ngome hiyo. Ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, ikatekwa na kukombolewa mara kadhaa, Waingereza wakaigeuza gereza tangu 1895 hadi 1958, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya turathi za dunia. Jengo lenye wasifu wa namna hiyo lastahiki kutembelewa. Linalopingwa hapa ni dhana kwamba aliyeiona ngome ameiona Pwani. Ngome ni sauti ya mtawala. Hueleza nani aliingia, kwa mizinga mingapi, na nani alimfukuza. Waliokuwa nje ya kuta zake, waliolima, waliovua, waliotambika na waliotoroka, maneno yao hayamo mle ndani. Yako ng'ambo ya feri ya Likoni, katika Kaunti ya Kwale, mwendo wa saa chache kwa basi lile lile. Tena maneno hayo yanazidi kupungua kila mwaka, kwa sababu yanasimuliwa zaidi kwa mgeni anayelipa na katika lugha ya mgeni huyo.

Kabla ya kuvuka Likoni, mfano wa mbali kidogo utafaa. Katika mji wa Trim, nchini Ayalandi, kuna kasri kubwa la mawe kando ya mto Boyne. Lilianzishwa na Hugh de Lacy, bwana wa Kinormani, katika miaka ya 1170, na hutajwa kuwa kasri kubwa kuliko yote waliyoyajenga Wanormani nchini humo. Ni ngome ya mvamizi, kama ile ya Mombasa. Hata hivyo, mgeni wa Trim haachwi ndani ya kuta zake tu. Akitoka langoni huona ng'ambo ya mto gofu la mnara wa abasia ya Mtakatifu Maria, na akifuata maji hufikia magofu ya kanisa kuu la kale. Kasri husomwa pamoja na jirani zake. Jambo la pili ni la lugha. Kiayalandi ndicho Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 1937 ilichokitaja kuwa lugha rasmi ya kwanza, nacho huonekana juu ya vibao vya barabarani ingawa raia wengi hutumia Kiingereza katika shughuli zao za kila siku. Jina la mji lenyewe kwa Kiayalandi, Baile Átha Troim, hubeba kumbukumbu ya kivuko cha mtoni na miti iliyokiota. Anayepita huuona mji ukijitaja kwa ulimi wake wa zamani hata kama haelewi neno.

Trim ina funzo lingine ambalo si la kusifiwa. Filamu ya Braveheart, iliyotoka mwaka 1995 na inayohusu shujaa wa Uskoti, iliutumia ukuta wa kasri hilo kuuigiza mji wa York wa Uingereza. Ukuta wa Ayalandi ukasimama mahali pa ukuta wa Uingereza katika kisa cha Mskoti, na wageni wakazidi kumiminika. Mawe hayana mdomo wa kukataa. Hukubali kusimuliwa lolote lile, na jambo hili lifaa kukumbukwa kila hatua ya safari ya Kwale.

Mtu akiisha kuvuka Likoni, kituo cha kwanza ni Diani, kilomita 30 hivi kutoka Mombasa. Jina hilo kwa wengi ni jina la hoteli na mchanga mweupe. Ni wachache wanaoufuata ufuo kuelekea kaskazini hadi unapokatika, pale mto Mwachema unapomwaga maji yake baharini. Hapo, chini ya mibuyu minene, umesimama Msikiti wa Kongo. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe, kuta zake ni nene na paa lake ni la kuba refu lililopinda kama pipa lililolazwa, ufundi usioonekana kwa wingi katika misikiti ya kale ya mwambao huu. Wataalamu hukadiria kuwa una umri wa karne tano au zaidi. La kupendeza kuliko umri huo ni kwamba msikiti haujawa gofu la kutazamwa. Husaliwa. Mgeni afikaye wakati wa sala husubiri nje hadi waumini wamalize, na huenda hayo ndiyo maelezo bora kuliko yote atakayoyapata, kwamba kuna turathi ambazo bado zina wenyewe wanaozitumia.

Kusini mwa Diani ipo Kaya Kinondo. Msomaji wa bara amezoea kuyasikia makaya ya Mijikenda yakihusishwa na Kilifi, na Wagiriama hasa. Kinondo ni kaya ya Wadigo, msitu wa hekta 30 hivi uliozungukwa na mashamba na viwanja vya hoteli. Mwaka 2008, misitu kadhaa ya kaya ilipoingizwa katika orodha ya UNESCO, Kinondo ilikuwa mojawapo. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 2001, wazee walikuwa wamekubali kuufungulia mlango utalii wa kiasi. Mgeni hufungwa kaniki kiunoni, huelezwa miiko, huzuiwa kuokota hata kijiti, na huongozwa katika vijia vilivyoruhusiwa tu. Kuna sehemu haingii. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atakayeudhika kwa kuzuiwa huko hajaielewa taaluma yake. Usiri ni sehemu ya utanzu. Kuna masimulizi ya mwaliko na masimulizi ya mviga, na haya ya pili hayapigiwi kila mtu hodi.

Anayedhani kuwa miiko hiyo ni mapambo ya watalii na atazame kisiwa cha Chale, kilicho karibu na hapo. Chale nacho kilikuwa mahali patakatifu pa Wadigo. Katika miaka ya 1990 hoteli ilijengwa juu ya sehemu ya kisiwa hicho licha ya vilio vya wazee. Serikali ilikuwa imeanza kuyatangaza makaya kuwa mnara wa kumbukumbu za taifa tangu mwaka 1992, lakini tangazo la gazeti rasmi ni karatasi, na mwenye hati ya kiwanja naye ana karatasi yake. Kaya isiyojulikana ina watetezi wachache. Hapa ndipo safari ya wanafunzi arobaini inapopata maana isiyokuwa ya burudani: watu arobaini zaidi watakuwa wanalijua jina la mahali hapo, na jina linalojulikana ni gumu kulifuta kwenye ramani.

Barabara ielekeayo Lungalunga humfikisha msafiri Gazi, kijiji kilicho nyuma ya mikoko. Siku hizi Gazi ina sifa njema kwa ajili ya mikoko hiyo. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza rasmi mwaka 2013, huuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti ya hekta 117 na fedha zake hutumika kwa maji na shule. Wageni hupita juu ya ujia wa mbao uliojengwa kati ya mizizi, wakafurahia pweza na samaki waliopikwa na akina mama. Ni jambo la kupongezwa. Lakini ni wangapi kati yao wanaoelezwa kwamba kijiji hicho kilikuwa makao ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui?

Jina hili halistahili kupitwa kwa haraka. Baada ya Sayyid Said kuwavunja nguvu Wamazrui wa Mombasa mwaka 1837, tawi moja la ukoo lilihamia Takaungu na jingine likaja Gazi. Mbaruk, wa tawi la Gazi, aliishi miaka mingi akipambana na Masultani wa Unguja kwa vipindi, mara anapatana nao, mara anawaasi. Mwaka 1895 mgogoro wa urithi wa Takaungu ulipozuka na Waingereza wakamweka mtu waliyemtaka wao, vita vilienea mwambao mzima. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iliyokuwa ikitawala ilishindwa, na tarehe 1 Julai mwaka huo serikali ya Uingereza ikachukua nchi mikononi mwake. Agosti, jeshi la Admeri Rawson lilipanda vilima vya nyuma ya pwani na kuivunja ngome ya Mbaruk iliyokuwa Mwele. Mwaka 1896 Mbaruk alivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910.

Hayo ni matukio yaliyozaa dola iitwayo leo Kenya, nayo hayakutukia ndani ya Ngome ya Yesu. Nyumba inayohusishwa na Mbaruk pale Gazi imepata kuwa madarasa ya shule ya msingi. Watoto wamejifunza humo kusoma na kuandika bila ya shaka kujua kuwa mwenye nyumba alikuwa akisomwa na maofisa wa London kwa wasiwasi. Katika vyuo, utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy kuhusu vita vya Wadachi na Mrima husomwa, na ni haki usomwe. Mrima hiyo hiyo haikukoma Tanga. Wanafunzi wanaoweza kumtaja Bushiri bin Salim wa Pangani bila kusita hubaki kimya wakitajiwa Mbaruk wa Gazi, ilhali alikuwa jirani yao wa nchi moja.

Hata hivyo, ni kosa kumvika Mbaruk joho la shujaa asiye na doa. Wamazrui walimiliki watumwa na mashamba, na vita vya 1895 viliwaunguza wanakijiji ambao hawakuulizwa kama walivitaka. Katika maandishi ya Kiingereza ya wakati ule yeye ni mwasi. Katika vinywa vya watu wa Kwale anaweza kuwa mtetezi, bwana, mnyang'anyi au babu, kutegemea msimulizi ni mjukuu wa nani. Mhusika wa namna hiyo, asiyeweza kuwekwa katika kapu moja, ndiye ambaye wahakiki wa riwaya humtafuta kwa tochi. Yuko Gazi, na basi la chama halijawahi kukata kona kuingia huko.

Msambweni, makao ya hospitali inayotegemewa na watu wa sehemu hizo, huweza kuwa mahali pa kula mchana na kupumzika. Safari iendelee hadi Shimoni.

Hapa lazima kukaa. Jina la mahali latosha kuwa somo la kwanza: shimo, shimoni. Chini ya kijiji kuna mapango yaliyochimbwa na maji katika mwamba wa matumbawe, yakielekea baharini. Mgeni huteremka ngazi, hukaribishwa na baridi na popo, na huonyeshwa vyuma vilivyokomewa ukutani. Huelezwa kuwa watumwa waliotolewa bara walifungwa humo wakisubiri vyombo vya kuwapeleka Unguja na kwingineko. Habari hizo zimesambaa mbali. Mwimbaji Roger Whittaker, mzaliwa wa Nairobi, aliutungia Shimoni wimbo. Ada ya kiingilio husimamiwa na jumuiya ya wenyeji na husaidia mahitaji ya kijiji.

Lakini ukikaa na wazee barazani baada ya watalii kwenda zao, pango hilo huwa na visa vitatu. Kimoja ndicho hicho cha watumwa. Cha pili husema kwamba watu wa Shimoni walikuwa wakijificha humo wakati wa mashambulizi ya Wamasai, wao na mifugo yao, hadi hatari ipite. Cha tatu hulitaja pango kuwa mzimu, mahali pa kuombea na kuweka nadhiri, na kwa baadhi ya watu ndivyo lilivyo hata leo. Visa hivi vitatu havipingani lazima. Pango moja laweza kuwa kimbilio katika kizazi kimoja, kizuizi katika kingine, na mzimu wakati wote. Tatizo ni kuwa kimoja tu ndicho chenye soko.

Si haki kuwalaumu waelekezi. Mtu aliyevuka bahari kutoka Ulaya ana nusu saa kabla mashua yake haijang'oa nanga kwenda kutazama pomboo katika hifadhi ya Kisite na Mpunguti. Ataka kisa kimoja, chenye mwanzo na mwisho, chenye kumliza kidogo. Ndicho anachopewa. Biashara ya watumwa nayo haikuwa ngano. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza, lakini misafara iliendelea kupita nchi kavu kandokando ya pwani na vyombo viliendelea kupakia kwa siri katika vijito na ghuba kama za sehemu hizi. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria katika pwani ya Kenya hadi 1907. Kuna familia za Kwale ambazo nyanya zao walikuwa mashahidi, na kuna mambo katika familia hizo ambayo hadi leo hayasemwi kwa sauti mbele ya wakwe. Kisa cha watumwa kikisimuliwa kwa mgeni mara kumi kwa siku na kunyamaziwa nyumbani, basi kuna jambo zito ambalo kiingilio cha pangoni hakiwezi kulifikia.

Hapa ndipo elimu ya fasihi simulizi inapodaiwa. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kuwa masimulizi hubadilika kulingana na fanani, hadhira, wakati na mahali. Huyaandika hayo katika mtihani na kupata alama zake. Shimoni ndipo pa kuyaona yakitendeka. Fanani ni yule yule. Akibadilishiwa hadhira, pango hubadilika. Hadhira ya Kiswahili, iliyoketi bila haraka na isiyodai chozi, itapewa visa vyote vitatu, na huenda cha nne. Hadhira hiyo isipofika, visa viwili vitakufa pamoja na wazee, na pango litabaki na kimoja ambacho kila siku kitazidi kulainishwa kwa kusemwa. Mambo yatakuwa kama ukuta wa Trim, uliokubali kuitwa York.

Juu ya pango, magofu ya majengo ya Kampuni ya Kiingereza bado yapo Shimoni. Kampuni iliyopewa hati yake ya kifalme mwaka 1888, ikijinasibu pamoja na mambo mengine kuukomesha utumwa, iliweka makao yake juu ya shimo hilo hilo. Waandishi wa tamthilia hutumia miaka kutafuta jukwaa lenye kejeli ya namna hii.

Kutoka gatini, kisiwa cha Wasini huonekana kwa macho, na mashua hukifikia kwa dakika chache. Hakuna magari kisiwani. Kuna vichochoro, misikiti, makaburi ya kale, na uwanda wa matumbawe yaliyoachwa wazi na bahari, ambao akina mama wa kijiji wamejengea ujia wa mbao. Watalii hupafikia kwa ajili ya chakula cha baharini. Mwanafunzi wa Kiswahili angepafikia kwa ajili ya masikio yake, maana Wasini na Vanga ndiko kunakozungumzwa Kivumba, na vijiji vya kaskazini yake kidogo, kama vile Funzi, ndiko kunakozungumzwa Chichifundi. Lahaja hizi zimo katika kila orodha ya lahaja za Kiswahili inayokaririwa madarasani. Zimekaririwa mno hata zimesahauliwa kuwa ni vinywa vya watu. Ni aghalabu kumpata mhitimu anayeweza kuzitaja zote mbili, na ni nadra kumpata aliyewahi kusikia sentensi moja ya mojawapo.

Kivumba ni lugha ya dola iliyokuwapo. Magofu ya Vumba Kuu yako karibu na Vanga, pwani ya mpakani. Watawala wake waliitwa Madiwani, na utukufu wao ulikuwa na alama zake: siwa, ngoma, mwavuli, kilemba na viatu ambavyo si kila mtu aliruhusiwa kuvivaa mbele yao. Dola hiyo ilipofifia watu wake walikuwa wamekwisha kutawanyika Wasini na Vanga. Kisha mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipoigawa nchi kwa kalamu, mstari wao ulianzia kwenye mdomo wa mto Umba, yaani mlangoni mwa nyumba ya Wavumba. Ndugu wakalala wakiwa wa mtawala mmoja wakaamka wakiwa wa wawili. Siku hizi mipaka hiyo hufundishwa katika historia, na lahaja hufundishwa katika isimu, kana kwamba hazikupita katika kijiji kimoja.

Na maarifa haya yamehifadhiwa wapi? A. C. Hollis aliandika historia ya Vumba mwaka 1900. H. E. Lambert alichapisha uchunguzi wa Kivumba mwaka 1957 na wa Chichifundi mwaka 1958. William McKay aliandika tasnifu juu ya historia ya pwani ya kusini mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha Boston. Ni kazi za kuheshimika, na bila hizo mengi yangepotea. Zote ni za Kiingereza. Mzee wa Wasini aliyetoa habari hawezi kumsomea mjukuu wake alichokisema babu yake. Wadigo wametangulia kidogo katika jambo hili, kwani tangu mwaka 2004 wana kamusi, Mgombato, inayofafanua maneno yao kwa Kiingereza na kwa Kiswahili pia. Wavumba na Wachifundi wana majina yao katika orodha ya lahaja.

Hali ya vibao na vijitabu vya maelezo haitofautiani sana na ya tasnifu. Mara nyingi maelezo marefu huwa ya Kiingereza, na Kiswahili hutengewa maneno ya "Karibu" na "Usitupe taka". Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kimekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ayalandi, ambako lugha ya kale imebaki katika ndimi za wachache, kibao huzungumza kwa lugha hiyo. Kwale, ambako mpita njia yeyote, mvuvi, mwalimu au mwendesha bodaboda angekielewa kibao cha Kiswahili, kibao humzungumzia mtu ambaye bado yuko ndani ya ndege. Mtu akishangaa kwa nini vijana wa hapo hudhani kuwa magofu ni mali ya watalii, na aanze kwa kusoma kilichoandikwa mbele yake.

Yapo mapingamizi, na baadhi yana uzito. Fedha za vyama hazitoshi, na siku moja zaidi ni mlo mmoja zaidi kwa watu arobaini. Basi na wiki nzima ya Mombasa ipunguzwe iwe siku mbili. Ngome yaweza kutembelewa asubuhi na feri ikavukwa adhuhuri. Wengine husema kuwa wanafunzi watawasumbua wenyeji kwa maswali na kamera. Pingamizi hili ni la haki kuliko lile la kwanza. Kundi lifikalo Kinondo au Wasini bila kutuma salamu mapema, bila kujua ni nani wa kuombwa ruhusa, bila heshima ya mavazi msikitini, ni heri lingebaki ufuoni. Waandalizi wangeanza kwa barua kwa wazee na kwa Makavazi ya Taifa miezi miwili kabla, na kwa kuwafunza wasafiri kunyamaza.

Lipo pia pingamizi ambalo halisemwi waziwazi, kwamba mambo ya kaya, pango na magofu ni ya wanahistoria na wanaakiolojia, nao wanafasihi wana riwaya zao za kuhakiki. Anayelishikilia hili na aeleze ni idara gani nyingine chuoni ina watu wanaoweza kumsikiliza mzee kwa lugha yake, kulitambua fumbo anapolifumba, kulinukuu bila kulinyoosha, na kuliandika kwa Kiswahili ambacho mzee mwenyewe akisomewa atakubali kuwa ndicho alichokisema. Mwanaakiolojia hupima ukuta. Neno lililosemwa chini ya ukuta huo halina kipimo chake.

Kazi yenyewe yaweza kuanza kwa udogo. Chama kimoja kikichagua kituo kimoja kwa mwaka, tuseme Shimoni, kikapeleka wanafunzi sita waliokwisha kufanya kozi ya utafiti nyanjani, wakakaa siku tatu badala ya saa tatu, wakarekodi visa vya pango kutoka kwa wasimulizi wa kike na wa kiume kwa idhini yao, basi toleo litakalofuata la jarida la chama litakuwa na kitu ambacho hakimo katika maktaba yoyote. Nakala tatu za toleo hilo zirudi kule zilikotoka: moja kwa wasimamizi wa pango, moja kwa shule ya msingi ya hapo, na moja kwa wasimulizi wenyewe, wapate kusahihisha palipokosewa kabla ya kikosi cha mwaka unaofuata kukata tiketi ya kwenda Vanga.